Noti Iliyosema Ikipata Joto

Nchi ya Utulivu huioni kwenye ramani. Si kwamba haipo. Ramani zake zote zilikusanywa na kufungiwa stoo mwaka ule Mtukufu Rais alipooneshwa moja, akagundua kwamba nchi yake imechorwa ndogo kuliko ya jirani. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asianze kugeuka huku na huku kana kwamba anaijua. Ni mbali mno. Huku kwetu, tumshukuru Mungu, mambo kama haya hayapo.

Huko Utulivu alikuwapo mama mmoja mchoraji, Saumu Kitogo. Alianzia kiwanda cha nguo, akichora kanga: mji, pindo, na jina, yaani yale maneno ya chini ambayo mwanamke humwambia jirani yake bila kufungua mdomo. Kiwanda kilipofungwa, kwa sababu ya mafanikio, Benki Kuu ilimchukua achore noti. Hakuiona tofauti kubwa. Kanga na noti vyote vina pindo, vyote hupauka upesi, na vyote hufungua milango ambayo maneno matupu hayafungui.

Saumu alikuwa na mdogo wake, Kheri, kinyozi. Kheri alikuwa gerezani, na kosa lake, kusema kweli, lilikuwa baya. Kila duka la Utulivu lazima litundike picha ya Mtukufu, ile iliyopigwa mwaka alioichukua nchi, nywele zimesimama kichwani kama kichuguu na mstari umepigwa ubavuni kwa wembe. Siku moja mteja alikaa kitini, akaulizwa anataka mtindo gani, naye akanyoosha kidole kwenye picha. Kheri akamjibu kwa nia njema kabisa, "Huo siku hizi haunyolewi, kaka. Umepitwa na wakati."

Mteja alikuwa mtu wa usalama. Hakimu alimpa Kheri miaka kumi kwa maneno, akamwongezea mmoja kwa sababu wakati wa kuyatamka alikuwa na wembe mkononi. Tangu siku hiyo mama yao alikuwa akimwekea chakula chini ya kawa kila jioni, na kila asubuhi akimpa jirani. Saumu aliiona sahani ile kila siku, na kila siku ilimuuma.

*

Gavana wa Benki Kuu, Dakta Mwinchande Fungo, alimwita Saumu ofisini kwake asubuhi moja. Gavana alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye desturi ya kusimama kila alipolitaja jina la Mtukufu, na kwa hiyo mazungumzo naye yalikuwa mazoezi ya viungo.

"Bi Saumu, Mtukufu," alisimama, "anatimiza miaka thelathini kitini. Taifa limeamua kumpa zawadi."

"Zawadi gani, Mheshimiwa?"

"Sura yake. Kwenye noti."

"Si ipo kwenye noti zote?"

"Kwenye zile anatazama pembeni. Kwenye hii atawatazama wananchi." Akakaa. "Itakuwa noti ya kete thelathini. Mwaka mmoja, kete moja."

Saumu alitaka kusema kwamba mkate unauzwa kete arobaini, na kwamba noti hiyo haitanunua hata mkate, lakini Gavana alikuwa ameshamsoma usoni. "Heshima hailiwi, Bi Saumu," alisema. Kisha akashusha sauti. "Siku ya uzinduzi Mtukufu," alisimama, "atatoa msamaha kwa wafungwa. Orodha inapita mezani kwangu. Noti ikimpendeza, mdogo wako atakula chakula chenu kikiwa cha moto."

Saumu alitoka pale akaenda moja kwa moja mezani kwake. Angeweza kuchora noti ile kwa kidole, kwa kucha, kwa masizi ya chungu.

*

Kamati ya Noti ilikutana. Mwenyekiti alikuwa Gavana, lakini aliyeongea alikuwa Kanali Shebughe, ambaye cheo chake kamili ni Mkuu wa Masikio ya Taifa. Yeye ndiye aliyesimamia alama za usalama, kwa sababu kazi yake na alama hizo vyote huitwa usalama.

Saumu alieleza kwamba noti zote duniani zina njia za mwananchi kutambua kama noti ni ya kweli. Anaitazama kwenye mwanga. Anaipapasa. Anaiinamisha.

"Anainamisha nini?" aliuliza Kanali.

"Noti, afande. Ili rangi ibadilike."

"Kwenye noti kuna nani?"

Katibu akaandika kwamba pendekezo la kumwinamisha Mtukufu limekataliwa. Likafuata la kupapasa. Mistari iliyoinuka ili vipofu watambue noti ilifutwa, maana kipofu angeanzia kidevuni, na nani ajuaye angeishia wapi? Kuhusu ile sura inayojificha ndani ya karatasi, ikaonekana tu noti ikinyanyuliwa kwenye mwanga, Kanali alitaka kujua kama inamaanisha kwamba umeme ukikatika Mtukufu hayupo. Saumu akaiondoa mwenyewe.

Uzi wa usalama ndio uliochukua siku nzima. Saumu aliupitisha karibu na shingo. Kanali aliutazama uzi, akaitazama shingo, akamtazama Saumu. Ukashushwa miguuni, ukaonekana ni pingu. Ukahamishiwa mkononi, ikasemwa Mtukufu ameshika kamba kama mchunga mbuzi. Mwishowe ukakubaliwa upite nje ya noti, hewani, na mwananchi aelimishwe kwamba upo.

Zikaongezwa kanuni. Noti isikunjwe, kwa kuwa mkunjo utampitia Mtukufu usoni. Isitiwe mfuko wa nyuma, maana kumkalia Mtukufu hakuna jina katika sheria na ingebidi bunge liitishwe. Na wanawake wasiifunge kwenye pindo la kanga. Kuhusu kuitia kifuani kamati ilijadili kwa muda mrefu na kwa hamasa, ikaona hapo Mtukufu hatakuwa na malalamiko.

"Sasa imebaki bila alama hata moja," alisema Saumu. "Mtu yeyote mwenye mashine ataiga."

Kanali akatabasamu. Alikuwa na jambo lake, na alikuwa amelitunza hadi mwisho kama mtu anayeficha mnofu chini ya wali. Kuna wino, alisema, unauzwa ng'ambo, hauonekani mpaka upate joto la mwili. Kuandikwe kwa wino huo upande wa nyuma, chini, pale penye jina kwenye kanga. Mwigaji anaishika noti, anaigeuza, mkono unaipasha, na maneno yanamtokea: TUNAKUJUA, HATUSEMI TU.

"Alama ya usalama iliyo bora," alisema Kanali, "ni hofu. Haihitaji mashine na kila mwananchi anayo tayari."

Kamati ilipiga makofi. Saumu peke yake hakupiga. Miaka yote kiwandani alikuwa amejifunza kitu kimoja, nacho ni kwamba jina la kanga ni la yule anayelipeleka. Kikao kilipokwisha alimfuata Gavana mlangoni.

"Mheshimiwa, hayo maneno yanamhusu nani?"

"Mwananchi. Serikali inampa noti, serikali inamwambia."

"Na yeye akimpa mwingine?"

"Atakuwa amempa noti."

"Kwenye kanga, Mheshimiwa, anayetoa ndiye..."

"Bi Saumu." Gavana alimwekea mkono begani. "Orodha ya msamaha ni fupi. Usiifanye iwe fupi zaidi."

Saumu alikuwa amekwisha sema, na aliyeambiwa akakataa kusikia hana wa kumlaumu. Akarudi mezani, akachora pindo zuri kuliko yote aliyowahi kuchora.

*

Mtukufu aliletewa noti katika Ukumbi wa Ikulu, ambao viyoyozi vyake huwashwa mwaka mzima ili mawaziri wasisinzie. Alikuwa amevaa kofia yake ya manyoya, ambayo hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kumwona bila hiyo. Aliishika noti, akaigeuza. Haikuonekana kitu, maana vidole vyake vilikuwa baridi kama vyuma.

"Maneno yako wapi?"

Kanali Shebughe, kwa bidii ya kazi, aliichukua, akaitia kwapani, akasimama nayo hapo kwa ukakamavu, kisha akaitoa na kumkabidhi Mtukufu kwa mikono miwili huku akimtazama machoni.

Mtukufu akasoma: TUNAKUJUA, HATUSEMI TU.

Alimtazama Kanali kwa muda mrefu sana. Kanali akaanza kutabasamu, akaacha, akaanza tena. Wiki hiyohiyo aliteuliwa balozi katika kisiwa ambacho wizara ilikuwa bado inakitafuta.

Lakini noti yenyewe Mtukufu aliipenda kupita kiasi. Aliomba bunda zima. Akaagiza viyoyozi vizimwe, akaanza kuwagawia mawaziri mmoja mmoja bila neno, akikaa kuwatazama wakipata joto. Waziri wa Maji alipiga magoti akataja visima ambavyo hakuna aliyemuuliza. Waziri wa Ujenzi aliomba ruhusa ya kwenda kurudisha bati. Mmoja alizimia, na hadi leo haijulikani kwa lipi.

"Hii," alisema Mtukufu, akiinyoosha vizuri, "ndiyo pesa."

*

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Saumu alikaa mstari wa mbele pamoja na mama yake, ambaye alikuwa amechinja kuku tangu alfajiri. Orodha ya msamaha ilisomwa. Alisamehewa mpwa wa Mtukufu, aliyeuza daraja. Alisamehewa mkwe wa Gavana, aliyelinunua. Walisamehewa watu wawili ambao hawakuwa wamefungwa, ili wawe na akiba. Kisha bendi ikapiga.

Saumu alimkimbilia Gavana nyuma ya jukwaa.

"Nafasi zilijaa," alisema Gavana, hata hakumtazama. "Jubilei ijayo, Inshallah."

Mama alipofika nyumbani alimtia kuku sahanini, akafunika kawa. Saumu alilia usiku ule, alilia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira ndiyo iliyobaki machozi yalipokauka. Alikuwa amempamba mtu sura ili amrudishie mdogo wake. Mtu amechukua sura, na Kheri bado yuko naye.

*

Mishahara ya mwezi huo ililipwa kwa noti za jubilei, na kwa siku chache nchi ilikuwa tulivu kama jina lake. Walimu waliposoma maneno yale walirudi madarasani wakafundisha hadi vipindi vya wenzao. Mabaharia walikiri kwa wake zao. Watu wengine walinunua glavu.

Ilikuwa siku ya gulio Saumu alipokuwa amesimama akinunua vitumbua kwa Bi Chausiku, mwanamke mwenye kifua kipana na mdomo usio na breki. Akaja Lugendo, mtoza ushuru wa soko, mkono mbele kama kawaida.

"Ushuru, mama."

Bi Chausiku akatia mkono kifuani, akachomoa noti ya jubilei, imekaa humo tangu asubuhi karibu na jiko la vitumbua, moto kama kitumbua chenyewe. Akampa. Maneno yalikuwa yamekoza kiasi kwamba hata Saumu aliyasoma kutoka alipo.

Lugendo aliyatazama. Akamtazama Bi Chausiku.

"Unajua nini?"

"Mie? Mie nakulipa ushuru, baba."

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

Jasho likamtoka Lugendo. Akatazama vibanda vyote alivyowahi kuvitoza bila stakabadhi, navyo kama vile vikamtazama. Akamrudishia noti, akaongeza nyingine mbili za kutoka mfukoni mwake, akaomba vitumbua viwili kwa adabu, akavilipia, akaondoka bila kuvichukua.

Bi Chausiku aliigeuza noti ile mkononi. Akacheka taratibu, akapaza sauti: "Jamani eee! Hii ni kanga!"

Hakuhitaji kueleza zaidi. Wanawake wa soko lile walilielewa jambo palepale, kabla wasomi hawajaliandikia makala. Mwenye kutoa ndiye mwenye kusema. Jioni hiyo hakukuwa na noti ya jubilei isiyokuwa kifuani mwa mtu.

Sasa ndipo Utulivu ilipoona mambo. Watu walipanga foleni tangu alfajiri wakalipe kodi. Walilipa ya mwaka huu, wakalipa ya mwakani, wakalipa ya marehemu. Makarani walijificha chini ya meza wakisema mfumo umekwama. Trafiki waliposimamisha gari na kuona dereva anatia mkono kifuani, walipunga haraka, "Nenda, nenda, safari njema!" Daktari aliyekuwa hayupo hospitali ya wilaya kwa miaka alipatikana, amekaa kitini, na koti. Kwenye harusi waliwatunza waimbaji kwa noti hizo, na kila noti iliyobandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji ilipata joto, ikausomea ukumbi mzima.

Bunge likaamuru noti zipokelewe juu ya sahani ya barafu. Barafu ikaadimika, samaki wakaoza, na wavuvi wakaenda kulalamika kwa Waziri wakiwa na noti kifuani.

*

Baraza la mawaziri likaamua noti ifutwe. Lakini ifutwe vipi? Kumchoma Mtukufu ni uhaini. Kumchana ni uhaini. Kumzika ni kumtakia kifo. Basi ikaonekana njia ya heshima ni moja tu, kila noti irudi mikononi mwa mwenye sura, naye aihifadhi chumbani kwake. Malori yakakusanya. Noti ya mwisho kabisa, kwa mujibu wa itifaki, aikabidhi aliyeichora, mbele ya kamera, katika ule ukumbi wa viyoyozi.

Gavana alikuwa mwangalifu. Saumu alitiwa mikono katika ndoo ya barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Akaagizwa aibebe noti kwenye bahasha iliyolala kwenye jokofu. Mlangoni akapekuliwa na askari wa kike, mama wa makamo. Askari akapapasa kifuani, akahisi karatasi. Wakatazamana. Saumu alimfikiria Kheri, na akamfikiria mama, na sahani mbili chini ya kawa mbili.

"Pita, dada," alisema askari.

Saumu aliisogelea meza, akaiweka bahasha ya baridi pembeni, akaingiza mkono kifuani, akatoa noti nyingine, akamkabidhi Mtukufu kwa mikono miwili.

TUNAKUJUA, HATUSEMI TU.

Mtukufu aliyasoma. Akainama kwake, sauti ya chini, kamera zisisikie.

"Unajua nini wewe?"

Kusema haki, Saumu hakuwa akijua chochote. Mchora mapambo angejua nini? Lakini alijua kwamba jina la kanga halifafanuliwi, na anayelifafanua ameliharibu. Akatabasamu kidogo tu, kama wanavyofanya wanawake wakipishana uchochoroni.

Mtukufu alijigeuza kitini. Aligeuka tena. Miaka thelathini ni mingi, na yote ilikuwa ikimpita usoni.

"Unataka nini?"

"Kinyozi, Mtukufu."

"Kinyozi?"

"Mnaye nyinyi. Anaitwa Kheri Kitogo."

Kabla jua halijatua Kheri alikuwa nyumbani, amekonda, ananuka sabuni ya gereza, anakula. Mama alikaa mbele yake ameishika kawa mkononi, asijue aiweke wapi.

*

Siku moja mchana, Kheri akiwa amefungua tena duka lake na Saumu amemletea chakula, likasimama nje gari jeusi la vioo vyeusi. Akashuka mtu mwenye kofia ya manyoya. Walinzi wakabaki nje. Mtu yule akaingia, akakaa kitini, na baada ya kusita sana akaivua kofia.

Utosi ulikuwa mweupe, unang'aa kama sufuria. Pembeni kulikuwa na nywele chache za mvi, zimeachwa ndefu, hazina mwelekeo. Kumbe tangu Kheri afungwe hakuna kinyozi wa Ikulu aliyethubutu kubadilisha kitu, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba hakijabaki cha kubadilisha.

Kheri alimfunga kitambaa shingoni. Akanoa wembe.

"Mtindo gani, Mtukufu?"

Kidole kikatoka chini ya kitambaa taratibu, kikanyooka kwenye picha ya ukutani, ile ya kichuguu.

Kheri akaitazama picha. Akautazama utosi. Akamtazama dada yake, ambaye bakuli la wali lilikuwa limeganda mkononi mwake.

"Mbona hujibu?" aliuliza Mtukufu, na sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya mzee. "Si unajua? Sema."

"Tunajua, Mtukufu," alisema Kheri, akachovya brashi kwenye povu. "Hatusemi tu."